Watoto 87, walimu watatu na mkaratusi mmoja: naomba ushauri kuhusu shule ya Jumapili

Mwalimu wa Mtaa (Njombe)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili katika mtaa mmoja (tawi la usharika) wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Njombe. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 6, na tangu Januari nimekabidhiwa uongozi wa walimu baada ya dada aliyekuwa akituongoza kuhamia Makambako. Ninaandika kwa sababu ninawapenda watoto hawa na sitaki kuwapoteza, lakini kwa namna tunavyoendesha mambo sasa ninaona tunawapoteza mmoja mmoja.

Niwaeleze hali ilivyo. Ibada yetu huanza saa 4 asubuhi. Watoto huingia kanisani pamoja na wazazi wao, na baada ya masomo kusomwa mzee wa zamu huwatangazia watoke, nasi huenda nao nyuma ya kanisa chini ya mkaratusi, tunakotandika majamvi mawili. Jumapili iliyopita niliwahesabu 87. Mdogo kuliko wote ana miaka 3 na hukaa mapajani mwa dada yake wa miaka 8; mkubwa ana miaka 13 na anangoja kuanza mafundisho ya kipaimara. Wote hufundishwa pamoja, somo moja, kwa sauti ya mwalimu mmoja. Nikisimulia jinsi Samweli alivyoitwa usiku, wadogo hutulia, lakini wakubwa wameisikia habari hiyo mara nyingi na hubaki wakichora ardhini kwa vijiti. Nikiwageukia wakubwa kwa maswali yanayowafaa, wadogo huanza kusukumana, kulia na kuomba kwenda chooni. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa na watoto zaidi ya 20 wa darasa la sita na la saba. Sasa wanaokuja ni 9, na wavulana kati yao ni 2 tu.

Walimu tuko watatu: mimi, binti aliyemaliza kidato cha nne, na mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye alianza kufundisha tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Kwa kuwa ibada ni moja, sisi watatu hatusikii mahubiri, na siku ya Chakula cha Bwana hutulazimu kupokezana watoto ili kila mmoja apate kukimbilia madhabahuni. Mama huyo ameniambia kwa upole kwamba amechoka na kwamba mwisho wa Juni atapumzika. Na baridi ya Juni na Julai ndiyo hiyo inakuja, ambapo ukungu wa kwetu hautawanyiki mpaka karibu saa 5, na watoto wengi huja bila masweta.

Jambo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Kijana aliyekuwa akitusaidia kutuliza watoto alizoea kushika fimbo. Sikupenda, lakini nilinyamaza kwa kuwa utulivu ulipatikana. Majuzi mtoto wa miaka 5 aling'ang'ania kitenge cha mama yake akakataa kabisa kutoka kanisani, na nilipomwuliza sababu alitazama mkono wa yule kijana.

Nimepeleka ombi katika baraza la wazee ili tupatiwe turubai, mabenchi na fedha za vifaa, nikajibiwa kwamba bajeti ya mwaka huu imekwisha kupitishwa. Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie: katika hali hii, mtu aanzie wapi?

Mama wa Wanne (Mwanza)

Asifiwe milele, mwalimu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kabla ya ushauri wowote nikushukuru kwa kulisema lile la fimbo, maana wengi wetu tunalificha.

Nimefundisha watoto kwa miaka 15 katika sharika mbili, moja ya mjini na moja ya kijijini, na ukiniuliza uanzie wapi nitakuambia uanze na daftari. Usianze na turubai wala mabenchi. Chukua daftari kubwa la kurasa nyingi, uandike jina la kila mtoto, mwaka wake wa kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, namba ya simu, jumuiya anayotoka, na kama kuna ugonjwa au jambo lolote ambalo mwalimu anapaswa kulijua. Kila Jumapili uite majina. Huenda ukaona kwamba ni kupoteza dakika 10 za somo, lakini nimeshuhudia mtoto aliyekaa kimya mwaka mzima akiitika jina lake kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Ulisema wakubwa walikuwa zaidi ya 20 na sasa ni 9. Je, unaweza kuniambia majina ya wale waliopungua, na ni Jumapili ipi kila mmoja alikosa kwa mara ya kwanza? Huwezi, na si kosa lako, kwa sababu hakuna aliyeandika. Kwetu mtoto akikosa Jumapili mbili mfululizo, mwalimu wake hupiga simu au hupita nyumbani. Mara nyingi utakuta ni jambo dogo: hana viatu, amepelekwa kwa bibi, ameanza masomo ya ziada, au alichekwa. Hilo la kuchekwa ndilo huwaondoa wavulana kuliko yote.

Daftari likikamilika, kugawa makundi kutakuwa rahisi kwa sababu utakuwa unagawa watoto unaowajua. Mimi nisingegawa kwa darasa la shuleni, kwani wapo waliorudia madarasa nao huona haya kukaa na wadogo. Gawa kwa umri: miaka 3 hadi 5, 6 hadi 9, na 10 hadi 13. Kila kundi lipate mahali pake, hata kama ni upande mwingine wa mti uleule, nao wapeane migongo ili wasitazamane. Mkaratusi mmoja unatosha kwa makundi mawili. Kundi la wakubwa liondoe pale, liketi barazani mwa nyumba ya mwinjilisti au mahali pengine penye heshima, maana mtoto wa miaka 12 anayeketishwa jamvi moja na wa miaka 4 ameambiwa, bila maneno, kwamba yeye bado ni mtoto mchanga.

Sasa kuhusu somo lenyewe. Wadogo kabisa hawahitaji zaidi ya dakika 20 za kuketi. Wape kisa kimoja, mstari mmoja wa moyo (wa Biblia, wa kukariri), na wimbo wenye matendo, kisha waigize kile walichosikia. Ukiwasimulia habari za Zakayo, mmoja apande kwenye jiwe na mwingine awe Bwana Yesu anayemwita ashuke; hawatasahau. Kama wapo wanaoelewa Kibena vizuri zaidi kuliko Kiswahili, msimulie kwa Kibena, wala usione aibu. Wa katikati wanaweza kusikiliza, kuchora na kujibu maswali. Wakubwa usiwasimulie kile wanachokijua; wape wasome wenyewe, kila mmoja mistari michache kwa sauti, kisha uwaulize swali ambalo hata wewe unalifikiri bado. Nilipowauliza wa kwetu kama yule kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili aliulizwa kabla ya chakula chake kuchukuliwa, walibishana mpaka ibada ikaisha, na Jumapili iliyofuata walirudi wakiwa wameleta wenzao.

Na walimu wako hawatadumu kama hawalishwi. Omba vijana wa kwaya na akina mama wajiandikishe kwa zamu, ili kila mwalimu afundishe Jumapili tatu na ya nne aketi ndani asikilize neno. Kutaneni Jumamosi jioni kwa saa moja, mlisome somo la kesho pamoja kabla ya kugawana kazi. Mwalimu aliyelisoma neno Jumamosi na wenzake hajisikii kwamba amekosa ibada yote. Huyo mama aliyechoka usimwache aende hivihivi. Mwombe awe mlezi wa walimu, akae katika kikao hicho cha Jumamosi, kwani ana miaka mingi ya hekima ambayo haihitaji kusimama juani.

Katekista wa Kigango (Moshi)

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, lakini shida uliyoeleza haina dhehebu, mwalimu, kwa hiyo naomba niongeze neno kuhusu wale wakubwa.

Kwetu watoto hukusanywa katika Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, na wazo lake tangu mwanzo lilikuwa kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa sadaka ndogo. Ninalitaja kwa sababu linabadili swali. Badala ya kujiuliza tuwafundishe nini watoto wa miaka 11, tunajiuliza tuwape kazi gani. Katika kigango changu (tawi la parokia) wao ndio hupokea wadogo mlangoni, huwashika mikono wakati wa kuvuka barabara, husoma majina, hutunza kalamu za rangi na kuzihesabu, na mara moja kwa mwezi huenda na mlezi wao kumtembelea mtoto mgonjwa au bibi anayeishi peke yake, wakiwa wamebeba kuni au maji. Mvulana mmoja aliyekuwa msumbufu kuliko wote nilimpa kazi ya kutunza ngoma. Kuanzia siku hiyo hakuchelewa tena, kwa kuwa ngoma ilikuwa nyumbani kwao.

Nitaje tahadhari mbili. Kazi hizo zisiwe njia ya kufidia upungufu wa walimu: mtoto wa miaka 12 anaweza kumsaidia mwalimu, lakini hawezi kuachiwa watoto 30 peke yake. Pili, nimeona mahali pengi wakivuta watoto kwa pipi na biskuti. Mimi nilifanya hivyo kwa mwaka mmoja na nikaacha, kwani Jumapili ambayo biskuti hazikuwapo mahudhurio yalipungua nusu, na waliokuja waliniuliza kwanza juu ya mfuko kabla ya kunisalimu. Kama mnaweza kupika uji na kila mtoto aje na kikombe chake, hasa wakati wa baridi mliyo nayo huko, hilo ni tofauti, maana uji ni wa wote na unanywewa pamoja.

Mzee wa Kanisa (Dodoma)

Shalom. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa vipindi viwili, na kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya ustawi wa jamii, kwa hiyo nitasema zaidi juu ya usalama wa watoto, jambo ambalo mabaraza yetu hulikumbuka baada ya madhara kutokea.

Fimbo iondoke Jumapili hii, mwalimu, wala isisubiri kikao. Usimwaibishe yule kijana mbele ya watoto; mwite pembeni, umweleze, na kama yuko tayari kujifunza mpe kazi nyingine kama kuongoza nyimbo. Kisha nenda nyumbani kwa yule mtoto wa miaka 5, uzungumze na wazazi wake na umwombe mtoto mwenyewe radhi. Watoto wadogo wanaelewa kuombwa radhi.

Halafu mjiwekee taratibu ambazo kila mwalimu anazijua. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Watoto wanapokwenda chooni, wasindikizwe na watu wazima wawili, na wadogo waende kwa makundi kabla somo halijaanza. Mtoto mdogo asiachiwe kuondoka mpaka mzazi au mtu aliyeandikwa kwenye daftari amfuate. Sijui kwenu, lakini kwetu saa ya hatari kuliko zote ni ile ya mnada baada ya ibada, wakati watu wazima wote wamezunguka kuku, ndizi na mayai ya sadaka, na watoto wamezagaa kila mahali pamoja na wapita njia. Tulikubaliana kwamba watoto wa chini ya miaka 6 wabaki na walimu wao mpaka mnada uishe, au mzazi awachukue kwanza ndipo aende mnadani.

Kila mwalimu mpya, hata kama ni mtoto wa mchungaji, apitishwe na baraza na ajulikane anakotoka. Na walimu wote wajue kwamba, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwamba mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Mtoto akikwambia jambo zito, msikilize bila kumhoji sana, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kisha peleka taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto lililo katika kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo. Iandike kwenye jalada la lile daftari. Kulimaliza jambo la namna hiyo kifamilia, eti kulinda jina la kanisa, ni kumtupa mtoto.

Kuhusu baraza, ukubali kwamba bajeti imekwisha, lakini usikubali kwamba mlango umefungwa. Ombi lako lilikuwa la vitu vingi kwa pamoja. Rudi na jambo moja, lenye bei uliyoiulizia dukani, na idadi ya watoto kutoka kwenye daftari. Wazee wengi hawajui kama watoto ni 87. Wanadhani ni 40. Mwishoni mwa Septemba kuna Jumapili ya Mikaeli na Watoto, ambapo watoto wenyewe hushiriki kuongoza ibada kwa nyimbo, ngonjera na maigizo. Omba mapema kwamba sehemu ya sadaka ya siku hiyo ielekezwe kwenye turubai. Wazazi wakimwona mtoto wao akisoma Neno mbele ya usharika, hawahitaji kuhimizwa sana.

Mwinjilisti (Mbeya)

Ninakubaliana na mengi, ila naomba nipinge jambo moja ambalo wote wamelipita. Kwa nini watoto waondolewe ibadani kila Jumapili?

Robert Raikes alipoanzisha shule za Jumapili kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, alikuwa akiwatafuta watoto waliofanya kazi viwandani siku sita za juma na wasiojua kusoma. Walifundishwa kusoma, kisha wakapelekwa kanisani. Shule haikuchukua nafasi ya ibada. Sisi tumeigeuza ikawa mahali pa kuwaweka watoto ili watu wazima wasikilize kwa utulivu, halafu tunashangaa kwamba wakifika umri wa kipaimara hawajui liturujia (utaratibu wa ibada), hawajui wimbo wa kanisa, na wanaliona kanisa lenyewe kama nyumba ya watu wengine. Mtoto ambaye kwa miaka 10 ameambiwa atoke mahubiri yanapoanza amefundishwa jambo. Mimi ningependekeza shule ifanyike saa 3, kabla ya ibada, kisha watoto waingie na wazazi wao na wakae mpaka baraka. Hapo hata walimu watasikia mahubiri na watakula Chakula cha Bwana bila kukimbia.

Mama wa Wanne (Mwanza)

Mwinjilisti, umenigusa, kwani nimesema juu ya zamu za walimu bila kufikiri kwamba saa yenyewe inaweza kubadilishwa. Kwa wenye miaka 6 na kuendelea ninakubaliana nawe kabisa. Kwa wale wa miaka 3 hadi 5 ningesita, maana ibada inayochukua saa mbili na nusu ni ndefu mno kwao, na mama mwenye watoto watatu huishia kukaa nje akibembeleza. Labda wadogo tu ndio watoke wakati wa mahubiri na warudi kwa sala ya mwisho, na hapo watahitajika walimu wawili wa zamu, si wote.

Jambo jingine ni umbali. Kijijini watoto hutembea na wazazi wao. Ukisema saa 3, wale wa mbali watakuja peke yao au hawatakuja. Mwalimu wa Mtaa, kwenu wanatembea umbali gani?

Mwalimu wa Mtaa (Njombe)

Shikamoo mama, shikamooni wazee wangu. Nilisubiri Jumapili tatu zipite kabla ya kujibu ili nisije na ahadi tupu.

Fimbo iliondoka Jumapili ileile. Kijana alikasirika kwa wiki moja, kisha akarudi, na sasa anafundisha nyimbo. Ana sauti nzuri kuliko sisi sote. Nilikwenda kwa yule mtoto wa miaka 5 pamoja na yule mama aliyechoka, ambaye sasa ni mlezi wetu walimu. Hakunijibu neno, lakini alinionyesha ndama wao.

Daftari limekamilika. Majina yamefika 96, kwa kuwa wapo wanaokuja Jumapili moja na kukosa nyingine, jambo ambalo sikulijua. Nimewapata 11 kati ya wakubwa waliopungua. Wanne wana masomo ya ziada Jumapili asubuhi kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba, na kwa hao tumekubaliana na mwinjilisti wetu kuonana nao Jumamosi saa 10 jioni. Watatu wamehama. Wawili hawakuwa na nguo za kuvaa, na jumuiya yao imelishughulikia bila kuwataja. Wawili, wote wavulana, waliacha siku moja: walishindwa kusema mstari wa moyo, wengine wakawacheka, na mimi mwenyewe niliwasimamisha mbele mpaka mwisho wa somo. Nimewaomba radhi. Mmoja amerudi.

Kuhusu saa, mama, wa mbali kabisa hutembea kama saa moja, na njia ina ukungu, kwa hiyo kwa majira haya ya baridi hatutawaita saa 3. Baraza limekubali kwamba kuanzia Agosti wenye miaka 6 na kuendelea waanze shule saa 3:15, wabaki ibadani, na wadogo tu watoke wakati wa mahubiri. Mpaka hapo tumepewa sebule ya nyumba ya mwinjilisti kwa wadogo, na wakubwa wanakaa barazani. Turubai tutaliombea Jumapili ya Mikaeli na Watoto kama mzee alivyoelekeza. Bei nimekwisha kuiulizia mjini.

Ninabaki na swali moja, na ninaomba nisaidiwe. Katika kuandika majina nimegundua kwamba binti mmoja wa miaka 9, ambaye sote tulidhani ni mkaidi kwa sababu haitiki akiitwa, hasikii vizuri. Mama yake anasema hajawahi kupimwa. Nimemketisha mbele, ninamwangalia usoni ninaposema, na rafiki yake humgusa bega zamu yake inapofika. Je, yupo kati yenu aliyewahi kumfundisha mtoto wa namna hii, na ni hospitali ya ngazi gani tumpeleke kwanza?